Moto Uliokwisha Zimika

Mimi ndiye niliyechagua mahali pa kuchoronga. Wengine walitia saini na wengine walitoa fedha, lakini ile alama kwenye ramani niliiweka mimi, kwa mkono wangu, na nilipoulizwa kama nina hakika nilijibu ndiyo. Sikuwa na hakika. Nilikuwa na hamu.

Hamu yenyewe ilianzia nyumbani, Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe. Disemba 2009 umeme unaotoka Ras Kiromoni kule Bara na kupita chini ya bahari mpaka Fumba ulikatika, na Unguja ikakaa gizani hadi Machi 2010. Miezi mitatu. Ilikuwa mara ya pili, maana mwaka 2008 tulikwisha kaa karibu mwezi mzima. Aliyekuwapo siku zile hakumbuki giza peke yake. Anakumbuka ngurumo za jenereta vichochoroni, samaki wa kutupwa, na zaidi ya yote anakumbuka maji. Maji ya Unguja karibu yote hutoka chini ya ardhi, na visima vyake huvutwa kwa pampu za umeme. Umeme ukifa, mifereji nayo inakauka. Nyumbani tulirudi kwenye kisima cha uani ambacho tangu utoto wangu kilikuwa kimefunikwa bati. Maji yake yalikuwa ya chumvichumvi, ya kufulia na kuoshea vyombo, na ya kunywa tukayafuata mbali kwa madumu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, nasoma jiofizikia, na kila nilipovuta kamba ya ndoo nilikuwa na wazo moja: Bara kuna milima ya volkano, Wakenya wanazalisha umeme wa mvuke wa jotoardhi Olkaria tangu 1981, basi siku moja na sisi.

Wazo lilikuwa zuri. Tatizo ni kwamba nililibeba mpaka kazini, na likafanya kazi badala yangu.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa ya mvuke. Ilikuwa ya kutafuta maji hapa hapa kisiwani, chini ya mzee mmoja wa Makunduchi aliyekuwa amepima visima tangu kabla sijazaliwa. Unguja haina volkano. Mwaka 1957 watafuta mafuta walitoboa hapa kisima cha zaidi ya mita 4,000, na njia nzima wakapita katika miamba ya mashapo. Upande wa magharibi tuna vilima vyenye udongo wa kinongo na kinamo, ndiko iliko chemchemi ya Bububu ambayo Sultan Barghash aliitilia mabomba katika karne ya kumi na tisa ili mji upate maji. Upande wa mashariki na kusini ni maweni, jiwe la matumbawe lenye matundu, ambako hata mto hauishi: Mwera na wenzake hufika hapo wakazama. Chini ya jiwe hilo maji matamu huelea juu ya maji ya bahari, kwa sababu ni mepesi kidogo. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita arobaini chini yake. Ukivuta kupita kiasi, chumvi inapanda.

Tulikuwa tukipima kwa kuchomeka vijiti vinne vya chuma ardhini. Viwili vya nje vinapitisha umeme, viwili vya ndani vinapima jinsi ardhi inavyoukinza. Ukivitanua, unaona kina zaidi. Jiwe lenye maji matamu hutoa ukinzani mkubwa, mamia ya omu-mita. Maji ya chumvi hutoa ukinzani mdogo sana. Na kinamo, udongo mzito usio na chumvi wala maji ya kuteka, nao hutoa ukinzani mdogo. Kwa mita yetu ya kupimia ukinzani, kinamo na maji ya chumvi vinaweza kuonekana kitu kimoja.

Kwa hiyo mzee yule, kabla hajashusha kijiti hata kimoja garini, alikuwa akizunguka kijijini kuomba maji. Anabisha hodi, anaomba ndoo, anateka kutoka kila kisima, anaonja, anaandika. Mie nilikuwa nikisimama juani nikiona tunapoteza asubuhi. Siku moja nilimwambia kwamba mita itatueleza yote hayo. Akanijibu bila kukasirika, "Mita haina ulimi, mwanangu."

Miaka mitatu nilifanya kazi hiyo. Nilijifunza kwamba namba ni ya ukinzani, haisemi kitu gani kinachoukinza umeme. Nilijifunza vizuri. Kisha nikapanda boti, nikavuka kwenda Bara kwenye kazi ya kutafuta mvuke, na somo nikaliacha bandarini Malindi, hapa Unguja.

Nilipelekwa mafunzo ya wiki tatu Naivasha, nchini Kenya. Hapo ndipo nilipokutana na upimaji wa magnetoteluriki, na sioni haya kusema kwamba niliupenda kama mtu anavyopenda. Huhitaji hata kupitisha umeme wako. Radi zinazopiga popote duniani, pamoja na upepo wa jua unaosukuma uga wa sumaku wa dunia, vinatikisa umeme ndani ya ardhi usiku na mchana. Unafukia vihisi vya sumaku, unatandaza nyaya zenye elektrodi kwenye udongo ulioloweshwa, unaviacha vilale usiku kucha vikisikiliza. Mitikiso ya haraka inakueleza habari za karibu. Ile ya polepole inashuka kilomita nyingi. Mtu aliyezoea kuona mita sitini chini ya kijiji cha Jambiani anaonyeshwa kilomita sita chini ya Bonde la Ufa. Ni rahisi kulewa.

Na huko kila kitu kilikuwa kimepinduka. Kwetu ukinzani mdogo ulikuwa habari mbaya. Kule ndio ulikuwa ukitafutwa. Maji ya moto yanapopanda katika miamba ya volkano huipika na kuigeuza, na tabaka la juu, lenye joto la chini ya nyuzi kama 200, hugeuka udongo uitwao smektaiti, ambao hupitisha umeme kwa urahisi mno. Udongo huo huziba, kama kawa juu ya sinia, na chini yake ndiko hifadhi ya mvuke inakokaa. Ndani ya hifadhi yenyewe joto likipita nyuzi 230 au 240 udongo ule hauvumilii. Mahali pake huja madini mengine, kloraiti na epidoti, yasiyopitisha umeme vile, na ukinzani unapanda tena. Basi picha anayoitafuta mtaalamu ni kuba: kawa yenye ukinzani mdogo, na chini yake kiini chenye ukinzani mkubwa zaidi.

Walimu wetu walitueleza pia jambo jingine. Madini hayo yakishaumbwa, hubaki. Moto ukizimika, mwamba ukapoa kwa maelfu ya miaka, kawa inabaki pale pale na kiini pale pale, na mita itaviona vilevile. Kwa hiyo ukinzani unakupa joto la juu kabisa lililowahi kufika hapo. La leo huenda ni jingine. Nilikuja kukuta sentensi hiyo katika daftari langu mwenyewe, kwa mwandiko wangu, nimeipigia mstari. Kwa hiyo siwezi kusema sikufundishwa.

Eneo tulilopima silitaji. Wenyeji wana shida zao za kutosha, na waliokuwa nami hawakukosa, nilikosa mimi. Lipo Bara, kwenye miamba ya volkano, na lina chemchemi za uvuguvugu kando ya kijito. Tuliweka vituo 41 kwa wiki sita. Tulipoiunda picha, kuba likatokea. Zuri, la duara, kama lililochorwa na mwalimu. Niliitazama picha ile usiku huo mpaka betri ya kompyuta ikaisha.

Sasa lazima nieleze habari ya rangi, maana hapo ndipo penye dhambi hasa. Katika fani yetu ni desturi kuupaka ukinzani mdogo rangi nyekundu na ukinzani mkubwa rangi ya buluu. Ni mazoea tu. Ingeweza kuwa zambarau. Lakini ukimwekea mtu asiye wa fani ramani ya jotoardhi yenye dimbwi jekundu katikati, ataona moto. Kwenye mkutano wa kuamua mahali pa kuchoronga, mmoja wa waliokuwa wanatoa fedha alinyoosha kidole kwenye wekundu akasema, "Kumbe hapo ndipo penye moto wenyewe." Watu wakaitikia kwa vichwa. Wakanitazama.

Nilijua kwamba wekundu ule ni udongo. Nilijua kwamba udongo hauna saa. Nilinyamaza. Nikabonyeza slaidi iliyofuata.

Alikuwapo mwenzetu mmoja, mwanamke, mtaalamu wa kemia ya maji. Yeye alikuwa amechukua maji ya chemchemi zote na kupima silika, sodiamu na potasiamu yake, kwa sababu maji yaliyokaa kwenye mwamba wa moto hubeba ushahidi wa joto hilo hadi juu. Hesabu zake zilikuwa zinaangukia chini ya nyuzi 100. Alisema, kwa upole wake, kwamba anaona mashaka. Nikamjibu mbele ya wote: "Dada, hayo maji yamechanganyika na maji baridi ya juu. Sisi tunaona chini zaidi." Jibu hilo si la uongo, mara nyingine ndivyo inavyokuwa, maji ya moto huchanganyika na ya mvua na ushahidi ukafifia. Lakini sikulitoa kwa kuwa nililipima. Nililitoa kwa kuwa lilifunga mjadala. Mtu mwingine akauliza kama visima vya kwanza huwa vinafaulu, nikawaeleza habari za Olkaria, kwamba visima viwili vya kwanza vya miaka ya 1950 havikutoa mvuke wa maana, na leo eneo lile linaendesha mitambo ya mamia ya megawati. Nayo ni kweli. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kujenga kosa zima kwa matofali ya kweli.

Mwenzetu hakusema tena. Miaka mitatu niliyokaa na yule mzee wa Makunduchi ilikuwa imeketi mbele yangu katika umbo la dada yule. Yeye ndiye aliyekuwa ameonja maji. Na mimi nilikuwa yule kijana aliyesimama juani akiona anapotezewa asubuhi.

Tukachoronga. Shimo jembamba la uchunguzi. Kuanzia mita tisini mchanga wa mwamba uliopanda na tope ulikuwa wa kijivu cha kijani, unanata vidoleni: smektaiti, kama nilivyosema. Kupita mita 300 udongo ukapungua, kama nilivyosema. Mita 480, mwanajiolojia wetu akaniita kwenye hadubini, na pale kwenye sahani nikaona punje za rangi ya kijani cha njano, ziking'aa. Epidoti. Madini hayo hayazaliwi mpaka joto likaribie nyuzi 240. Kambi nzima ilipiga kelele. Nilipanda juu ya mwamba kutafuta mtandao nikapiga simu nyumbani, nikamwambia mama tumepata. Akaniuliza tumepata nini. Nikamwambia moto.

Tulifika mita 640, tukasimama, tukashusha kipimajoto. Kilipanda na nyuzi 49.

Siku ile sikushtuka. Wakati wa kuchoronga, tope linalozungushwa hupooza kisima, na ni kawaida kusubiri mwamba urudishe joto lake. Nikawaeleza hivyo, nikaamini mwenyewe. Tulisubiri siku tisa, tukapima tena: nyuzi 57. Nikasema bado kinapanda. Tukasubiri hadi siku ya ishirini na tano. Nyuzi 58.

Usiku huo nilikaa garini peke yangu, taa ya ndani imewaka, karatasi ya vipimo juu ya usukani. Kisima kilichopenya kawa na kuingia kwenye hifadhi hai huchora mstari unaopanda kwa kasi, kisha unasimama wima pale maji yanapozunguka. Wa kwangu ulikuwa umenyooka kutoka juu hadi chini, mstari wa ardhi iliyokaa kimya. Mfukoni nilikuwa na kikasha cha plastiki chenye zile punje za epidoti, nilizitunza kama kumbukumbu. Nikazimimina kiganjani. Mkono mmoja ulikuwa na mwamba unaosema 240, mkono wa pili karatasi inayosema 58, na hakuna aliyekuwa anadanganya. Mwamba ulikuwa unasimulia ya zamani. Aliyesimulia ya zamani kama ya leo ni mimi.

Nikakumbuka mkutano. Kidole juu ya wekundu, vichwa vikiitikia, na mimi nabonyeza slaidi. Kilichoniumiza garini mle ni sekunde zile mbili nilizonyamaza. Kusoma picha vibaya ni jambo linalompata kila mtu wa kazi hii. Lakini mie picha niliijua, na nilimwacha mtu aisome vibaya kwa kuwa ilinifaa.

Gharama ni hizi. Shimo lilikula karibu dola laki saba, na lilifungwa kwa saruji. Awamu ya pili haikuja. Fedha zake zilikwenda kwingine. Vibarua ishirini na sita wa kijiji waliokuwa wameahidiwa kazi ya mwaka walipata ya miezi miwili. Ekari mbili za mahindi zilizotandazwa kokoto ili mtambo usimame zililipiwa fidia ya msimu mmoja, na kokoto bado zipo. Dada wa kemia aliomba kuhamishiwa mradi mwingine kabla hatujafungasha. Hakunilaumu. Alikabidhi chupa zake za maji zikiwa zimeandikwa tarehe na majina ya chemchemi, akaondoka.

Niliporudi Unguja nilimkuta mama anataka jiko la zamani lipakwe chokaa. Jiko hilo lipo ghorofa ya juu, kama yalivyo majiko mengi ya nyumba za Mji Mkongwe, na mama halitumii tena, anapikia gesi chini. Nilipanda na kandili la mkononi nikaona boriti zote nyeusi, masizi yamegandamana unene wa kucha, kuta zimekoza hadi dirishani. Nikamwuliza mara ya mwisho kuni kuwashwa humu ilikuwa lini. Akafikiri. Akasema labda kabla bibi hajafariki, hakumbuki vizuri. Ningekuwa mgeni, nikaingizwa kwenye chumba kile, ningeapa kwamba jana kulipikwa biriani ya harusi. Masizi hueleza moto ulikuwa mkubwa kiasi gani. Habari ya leo mtu hana budi kuipata kwa kugusa mafiga.

Hilo ndilo nililopaswa kulisema mkutanoni, na lingechukua dakika moja. Wekundu huu ni masizi. Moto huenda upo na huenda haupo. Dada huyu amegusa mafiga, tumsikilize. Pengine wangechoronga hata hivyo, lakini wangechoronga wakijua, na pengine wangeanza na mashimo mafupi ya kupima joto, ya mita mia moja au chini ya hapo, ambayo yangetuambia habari ile ile kwa sehemu ndogo ya fedha.

Nakuandikia wewe hasa unayeanza kazi hii, sasa ambapo Tanzania imeamka: tuna kampuni ya jotoardhi tangu 2013, watu wanapima Ngozi na Kiejo-Mbaka na Natron, hata Luhoi kule Rufiji, ambako hakuna volkano karibu. Utakaa wiki nyingi na picha yako. Utailisha, utaisafisha, utaijua kila kona, na itafika siku utaitetea kama mtoto wako. Sidhani nilikuwa mtu mbaya kuliko wewe. Nilikuwa nimechoka, nimesifiwa, na nataka umeme ufike kwetu. Siku hizi ramani zangu hazina nyekundu kabisa, na ukurasa wa kwanza wa ripoti ninampa mtu wa kemia, kabla ya picha yoyote. Ni vitu vidogo. Havijafukua kokoto hata moja kwenye lile shamba.

Nilimwandikia dada yule barua nikakiri kwamba jibu langu lilikuwa la kumnyamazisha. Nilituma pia nyongeza ya ripoti kwa kila aliyekuwapo mkutanoni, nikaeleza habari ya wekundu. Wawili walijibu. Yeye alijibu mwezi mmoja baadaye, kwa mistari mitatu, miwili kati yake ikiniomba takwimu za joto la kisima, zote, pamoja na zile za siku ya tisa. Nikampelekea.

Waliobaki kuelezwa ukweli walikuwa wazee wa Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe. Kwa miaka miwili nilikuwa nimewaahidi wazee wa kahawa pale kwamba mvuke wa Bara utatuwashia taa, na kila nilipopita mmoja aliniuliza, "Mvuke wetu umefika wapi?" nami nilijibu bado, Inshallah, nikapita. Ijumaa moja baada ya sala niliketi. Nikawasimulia yote, udongo, kuba, rangi, yule dada, mstari ulionyooka. Mzee mmoja, seremala, aliniomba nirudie habari ya epidoti, nikairudia, nikamwonyesha punje. Aliziangalia kwenye mwanga, akampa wa pili, zikazunguka benchi nzima zikanirudia. Akauliza shimo lina kina gani. Nikamwambia mita 640. Akauliza limekula kiasi gani. Nikamwambia.